Matofali ya Karatasi

"Na huu mlango je, tunauzunguka?" fundi wa karatasi za ukutani aliuliza, kisu mkono mmoja, roli la karatasi mkono wa pili.

"Ufunike," alisema Bwana Tai.

"Niufunike vipi?"

"Kama unavyofunika ukuta. Ng'oa kitasa, pigilia plaiwudi, bandika karatasi juu. Mtu akiingia hapa asijue kama kuna mlango."

Fundi aliutazama mlango, akatega sikio. "Bosi, huko nyuma kuna mtu anakohoa."

"Chumba kina mlango mwingine wa uani," alidakia mke wa Bwana Tai kutoka kwenye kochi. "Hatumfungii mtu sisi. Wewe bandika."

Fundi akabandika. Alikuwa na watoto wa kulisha, na nyumba za watu alizoingia zilikwisha kumwonyesha mabaya kuliko hayo.

Jina la Bwana Tai alipewa na majirani, wala si kwa heshima. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha magodoro, mahali ambapo vumbi la sponji humwingia mtu mpaka kwenye kope, na katika kiwanda kizima ni yeye peke yake aliyekwenda kazini na tai shingoni. Wenzake walivaa ovaroli. Jioni alirudi tai imejaa chembe za sponji, akasimama barazani kuzipangusa moja moja, makusudi, ili wapita njia wamwone akizipangusa. Wapo watu wa namna hiyo. Huwezi kuwafundisha kitu, kwa kuwa wamekwisha kujitunuku shahada wenyewe.

Karatasi yenyewe ilikuwa na picha ya matofali mekundu, yenye nyufa hapa na pale na saruji ya kijivu katikati, na aliyeichora alijitahidi hadi akaweka kuvu kwenye pembe. Mke wa Bwana Tai aliiona kwenye simu, katika picha za sebule za watu asiowajua, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. "Mtu anaona kabisa ni tofali," alikuwa akisema huku akiupapasa ukuta. "Ilimradi asikae karibu." Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na rangi, nyuma ya rangi plasta, na nyuma ya plasta kulikuwa na matofali. Ya kweli. Jambo hilo halikumwingia mtu akilini isipokuwa mama yake Bwana Tai, aliyetoka uani, akapita jikoni, akaja kusimama sebuleni kutazama mlango wake ulivyopotea.

"Haya," alisema yule mama. "Tulikuwa na ukuta wa tofali, tukaupiga plasta ufanane na wa watu. Leo plasta nayo mnaipiga tofali. Mtu akishavaa suruali, mwanangu, hajichori suruali nyingine juu yake."

Fundi alicheka, kisha akajikohoza ili kicheko kionekane kikohozi.

"Mama, haya ni mambo ya kisasa," Bwana Tai alisema bila kugeuka.

"Sikatai. Na mlango wangu ndio wa kizamani?"

Mkwewe alipandisha sauti ya televisheni.

Na nyumba ilikuwa yake huyo mama. Maisha yake yote alikuwa dobi wa hospitali. Alifua shuka za waliojifungua na shuka za waliokufa, mpaka vidole vikapinda na dawa za kufulia zikamharibu kifua. Kwa mshahara ule alinunua kiwanja, akajenga pole pole, chumba baada ya chumba. Kisha kodi ya mjini ikamshinda mwanawe, akaja na mke na sufuria zake akisema anajishikiza kwa muda. Muda haukwisha. Walianza na chumba kimoja, wakachukua cha pili, wakachukua na sebule, kila mara kwa maneno matamu, na mama akawa anarudi nyuma kama anayepisha gari, hadi akabakiwa na kile cha mwisho chenye milango miwili, mmoja wa sebuleni, mmoja wa uani. Sasa akabakiwa na mmoja.

---

Lakini kwa nini mlango? Hapa ndipo penye uozo, na afadhali usemwe mapema.

Mwaka uliopita kigogo mmoja wa benki alikuwa akioa, na Bwana Tai, kwa kujipendekeza kwa muda mrefu, alifaulu kuingia kwenye kamati ya harusi. Kazi aliyopewa ilikuwa kuonyesha magari mahali pa kuegesha. Kwa kazi hiyo alitaka ruhusa kiwandani, na kiwandani ruhusa ilitolewa kwa mambo mawili tu, ugonjwa na msiba. Ugonjwa unataka cheti cha daktari. Msiba unataka uso tu. Bwana Tai aliingia ofisini kwa Meneja, akainamisha kichwa, akasema mama yake mzazi amefariki kijijini.

Alipewa ruhusa, na zaidi ya ruhusa. Wafanyakazi walikuwa na chama chao cha kufa na kuzikana, wakachanga, hata wafagiaji, hata vibarua wa kutwa ambao wenyewe hawana uhakika wa kesho. Bwana Tai alipokea kwa mikono miwili. Siku iliyofuata alivaa suti, akasimama juani akipungia magari mkono wa kushoto na wa kulia. Fedha zilizobaki alinunulia kochi. Mkewe alipoambiwa zilikotoka alishtuka kidogo, halafu akauliza kochi liwe la rangi gani.

Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilijivuta mwaka mzima. Sasa mwenye kusimamia ghala alikuwa akistaafu, na jina la Bwana Tai lilitajwatajwa. Basi Meneja, mwanamke mwenye adabu zake, akamwita. "Tunataka kukupandisha, na nimeona aibu," alisema. "Ulifiwa na mama, tukatuma bahasha kama tunalipa bili ya umeme. Hakuna hata mmoja wetu aliyefika kwako kukupa pole. Jumapili nitakuja mimi na mwenyekiti wa chama. Tukae na familia kidogo."

Bwana Tai alisema asante. Alisema hata kwamba ameguswa. Alipofika nyumbani hakusimama barazani kuipangusa tai, maana yule mama akionekana tu, cheo kimekwenda, kazi imekwenda, na huenda na yeye mwenyewe akaenda jela kulala chini.

Kwanza alijaribu kumpeleka mama kwa dada yake.

"Kwa dada yako kuna watoto sita chumba kimoja," mama alisema. "Nikalale juu ya kabati?"

Hapo ndipo mkewe alipokumbuka ile karatasi. Alikuwa ameitamani muda mrefu, na sasa, alhamdulillahi, ilikuwa na kazi. "Tukipamba ukuta ule wote," alisema, "mlango hautakuwepo. Na mlango usipokuwepo, chumba hakipo." Mumewe alimtazama kama mtu aliyeoa hazina. Mwizi akipata mwenza, hujiita familia.

---

Jumamosi Bwana Tai alizunguka uani akaingia chumbani kwa mama yake. Mama alikuwa amekaa kitandani anashona kifungo.

"Mama, kesho nina wageni. Wakubwa wa kazini. Ni mambo ya cheo."

"Mungu akubariki. Nitavaa lile gauni la bluu."

"Hapana, ninachosema… kifua chako, mama. Watu wengine huogopa. Ungekaa tu humu mpaka waondoke."

Mama aliweka sindano chini. "Nitoke nisalimie tu. Nisalimie, nirudi."

"Hawa si watu wa kusalimiwa ovyo."

"Ovyo?" Alimtazama mwanawe. "Wewe nilikuwa nakwenda nawe kazini mgongoni. Nilikulaza kwenye kapu la shuka safi, kando ya mashine. Daktari mkuu alipita akakuona, matroni akakuona, sikukufunika hata uso. Nilikuwa nawaambia, huyu ni wangu."

Bwana Tai aliitoa simu akaitazama, na simu haikuwa imelia. "Basi tumeelewana," alisema, akatoka. Mama alibaki na gauni la bluu akilini na kifungo mkononi. Aliumia, tena sana, lakini alidhani anaonewa haya kwa ajili ya kikohozi tu. Hilo aliweza kulisamehe. Mama husamehe kwa bei ya jumla.

---

Jumapili wageni walikuja saa ya chai. Meneja alivaa nguo ya kiasi, bila vito. Mwenyekiti wa chama alikuwa mshonaji wa foronya za magodoro, mzee mrefu aliyeitwa kazini Mzee Uzi, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya sindano. Alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa.

"Kumbe una ukuta mzuri hivi," Meneja alisema kwa ukarimu.

"Tofali za kuchoma hizo," alisema Bwana Tai, akavimba. Hata hapo, na kamba i shingoni, hakuweza kuacha.

Mzee Uzi, aliyekaa karibu na ukuta, aliupitishia kidole, akakitazama kidole.

Chai ikamiminwa. Pole zikatolewa, na Bwana Tai akazipokea akiwa ameinamisha kichwa kwa pembe ileile ya mwaka jana. Mzee Uzi alitoa bahasha ya pili mfukoni, akaiweka mezani kwa heshima. "Si kitu," alisema. "Ni sisi wa chini. Safari ile nilikuwa na mgonjwa hospitalini nikatoa kidogo, moyo ukanisuta mwaka mzima. Nimekuja kumalizia."

Mtu mwenye haya angekufa papo hapo. Bwana Tai alisema, "Mungu atakulipa, mzee wangu," na mkewe akaisogeza bahasha upande wake wa meza.

Ndipo nyuma ya ukuta mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kibovu.

"Ni jirani," mke alisema haraka.

"Tofali za kuchoma zinapitisha sauti hivyo?" aliuliza Mzee Uzi.

"Nyumba zimebanana huku," alisema Bwana Tai.

Meneja alikuwa mtu mwema, na watu wema huuliza maswali mabaya. "Hebu tuambie habari za mama," alisema. "Tumjue. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Bwana Tai alikohoa kusafisha koo, na aliyosema yalikuwa mazuri ajabu. Alisema mama yake hakulala usiku ili yeye alale. Alisema alikula kidogo ili yeye ashibe. Alisema hajapata kumwona mwanamke mvumilivu kama yule, na hatamwona tena, na kila akirudi nyumbani anasikia kama anaitwa. Yalikuwa kweli yote. Maneno hayo hakupata kumwambia mwenyewe hata siku moja, na machozi yalimtoka, machozi halisi, maana hakuna mtu anayejililia vizuri kama mwongo. Meneja alipangusa macho. Nyuma ya ukuta kikohozi kilikatika.

"Na alikuwa akifanya kazi gani, marehemu?" aliuliza Mzee Uzi.

Hapo Bwana Tai angeweza kusema dobi. Hakuna aliyemshikia kisu. Mama alikwisha kufa, amezikwa, ameliliwa, lingempunguzia nini? Lakini yeye hata maiti ya mama yake aliionea haya.

"Alikuwa matroni," alisema. "Matroni wa hospitali."

Upande wa pili wa ukuta kitanda kililia, kama mtu ameinuka, kisha mlango wa uani ukafunguliwa na kufungwa taratibu. Bwana Tai alisikia, akamtazama mkewe, mkewe akatazama chai. Akaanza kuzungumza juu ya ghala kwa sauti kubwa, juu ya mpango wake wa kupanga magodoro kwa saizi, akawa anaruka kutoka saizi hadi saizi.

"Hodi humu!" Sauti ilitoka mlango wa mbele.

Aliyejibu ni Meneja. "Karibu."

Yule mama aliingia na nguo nyeusi na mtandio mweusi kichwani, ameviacha viatu nje kama afanyavyo mtu aingiaye penye msiba. Alitembea wima. Hakumtazama mwanawe kwanza. Alimpa mkono Meneja, akampa Mzee Uzi, akampa hata mkwewe, akimwambia kila mmoja, "Poleni na msiba." Kisha akasimama mbele ya Bwana Tai, ambaye macho yalikuwa yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Pole, baba," alimwambia. "Nisamehe nimechelewa kuja. Habari nimezipata sasa hivi."

"Karibu ukae, mama," alisema Meneja. "Wewe ni wa hapa karibu?"

"Karibu sana, mwanangu."

"Ulimjua marehemu?"

"Hakuna aliyemjua kuliko mimi." Alikaa kwenye kochi, akalitandaza gauni juu ya magoti. "Ila nimesikia anaitwa matroni. Tusimsingizie mtu aliyekufa. Alikuwa dobi. Alifua shuka za hospitali, akamsomesha huyu kwa sabuni. Kama alikuwa na kosa, ni kwamba hakujua kuna aibu ndani yake."

"Ni jirani huyu," mke wa Bwana Tai alisema, ameinuka nusu. "Ni mtu mzima, msimsikilize sana. Kumbukumbu zimepotea."

Yule mama alimgeukia bila hasira. "Ni kweli, mwanangu. Nimesahau mengi. Nimesahau hata ni lini niliwakaribisha."

Mzee Uzi aliweka kikombe chini. Alikuwa akimtazama mama, akamtazama Bwana Tai, akarudi kwa mama, na lile paji la uso lilikuwa moja, pana, limetuna katikati. Aliuliza taratibu, "Marehemu alifariki lini, mama?"

"Kijana anasema mwaka jana. Mimi nilikuwepo, nasema ni leo. Alikuwa amekaa kitandani kwake, nyuma ya ukuta huu, anamsikiliza mwanawe akimsifu. Alifurahi mno. Alikuwa anataka kusimama atoke aje amkumbatie, watu wakubwa wawepo wasiwepo. Halafu akasikia neno moja, akafa." Akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua kibovu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu tena.

Meneja alifumba macho, akayafumbua. Mzee Uzi aliinuka, akaichukua bahasha kutoka mbele ya mke wa Bwana Tai, akaipeleka kwa yule mama kwa mikono miwili.

"Mama, hii pokea wewe."

"Siwezi, baba. Rambirambi hupewa mfiwa, na mfiwa ndiye yule. Mimi mwenyewe nimeshuhudia kwa macho yangu kwamba hana mama."

Mzee Uzi alisimama nayo kidogo, akairudisha mfukoni. "Basi itarudi kwa wenyewe," alisema. "Wanakula vumbi."

Hawakumaliza chai. Walimuaga yule mama kwa kumshika mkono, wakachukua viatu vyao. Mlangoni Meneja aligeuka. "Kesho usiingie kiwandani," alimwambia Bwana Tai. "Pitia ofisini kwangu, na uje na tai yako." Hakupandisha sauti. Bwana Tai alisema "Ndiyo, mama," kisha akasikia alichosema.

---

Walibaki watatu. Mke wa Bwana Tai alikuwa wa kwanza kuzungumza, na alichosema ni kwamba kochi halijafikisha hata mwaka. Mumewe alimpigia mama yake magoti, hapo hapo penye zulia, akaanza: shetani, tamaa, ile harusi ya kigogo na kuegesha magari, shida za dunia, mama nani kama mama. Alijua kuomba. Ndiyo ilikuwa fani yake.

Yule mama alimwacha amalize.

"Inuka," alisema. "Unachafua suruali. Sikiliza, nina maneno machache. Ninyi mmekaa humu miaka yote bila kulipa, na mimi sikuwahi kuuliza, kwa sababu nilikuwa naishi na mwanangu. Mwanangu alikuwa na mama. Mama huyo umemzika mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya kuegesha magari, mara ya pili kwa ajili ya umatroni. Sidai unifufue. Waliokufa hawarudi."

"Mama, tafadhali…"

"Sijamaliza. Vyumba viwili, sebule na jiko. Nitauliza kwa majirani wanatoza kiasi gani, nami nitatoza hichohicho, sitakuonea. Italipwa kila mwisho wa mwezi, mkononi. Mwezi ukipita hujalipa, wenye shida ya vyumba wako wengi, tena wana adabu. Na ukuta huo mmeutoboa misumari bila ruhusa. Mtaurudisha kama mlivyoukuta."

Mkwewe aliyatazama matofali yake ya karatasi, akalitazama kochi.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," yule mama alisema. "Ukiwa na shida ya bomba au ya paa, njoo ubishe hodi, nitakusikiliza kama ninavyomsikiliza mpangaji yeyote. Tumeelewana?"

Bwana Tai alikuwa bado amepiga magoti. Alitaka kujibu. Neno lililomjia lilikuwa lile aliloanza nalo kusema duniani, kabla hajajua lingine lolote, likamfika ulimini likakwama. Akabaki kinywa wazi mbele ya yule mwanamke, hajui amwiteje.